Kipara Kabla ya Matokeo

Uliiona. Usinikunjie uso sasa, uliiona. Ulikuwa umekaa na kikombe chako cha moto, kidole gumba kinapandisha picha moja baada ya nyingine, ukafika kwenye ile ya msichana mwenye unga usoni na nusu ya kichwa imenyolewa, mdomo wazi, macho yanamtafuta mtu wa kumshika mkono. Ukacheka. Au pengine hukucheka, pengine ulisema "maskini wa Mungu", kisha ukapandisha juu ukatazama mapishi ya kuku. Uliitazama mpaka mwisho, na yeye hukumwona. Hapo ndipo nina ugomvi na wewe.

Anaitwa Nayda Camarena. Ana miaka kumi na saba, ni wa hapa hapa Huancayo, milimani Peru, mtaa wa Chilca, na tangu siku ile hajatoka nje ya mlango wa kwao. Ijumaa usajili wa mtihani unaofuata wa Chuo Kikuu unafungwa. Asipokwenda kwa miguu yake mwenyewe, mwaka umepotea, na mtoto aliyepoteza mwaka akiwa amejifungia chumbani, sisi tuliozeeka hapa tunajua mara nyingine hupoteza na kingine zaidi ya mwaka. Nakuambia mapema ili usije ukasema hukujua nini kiko mezani.

Tuanze na ile Jumapili.

Uwanja wa Akademia Bisturí Dorado, shule ya kuwanoa watoto kwa mtihani wa Chuo Kikuu, ulikuwa umejaa tangu mchana. Bendi ya tarumbeta ilikuwa imekodiwa. Trei za mayai zilikuwa zimepangwa kwenye meza ya mwalimu wa kemia, unga kwenye ndoo, na mashine ya kunyolea imechomekwa ukutani kwa waya mrefu. Mtoto akiingia Chuo Kikuu anaitwa kachimbo, na kachimbo hana nywele: wavulana hunyolewa zote, wasichana hukatwa ncha ya msuko, na mkasi wa kwanza ni wa mama. Ndivyo ilivyokuwa hata kwa baba zetu, wale wachache walioingia. Ila enzi zile majina yalibandikwa ukutani kwa gundi ya wanga, na aliyekosa alipinda kona, akaenda kulia nyuma ya stesheni ya treni, akarudi nyumbani uso umekauka. Leo kona zote zimezibwa.

Nayda alikuwa ameahidi kunyoa zote. Hakuahidi kwa kupenda. Profesa Wálter Inga, mwenye akademia, alimuuliza mbele ya kamera: "Nayda, ukiingia Udaktari tunanyoa zote kama wanaume, au unaogopa?" Kamera inawaka, wenzake wanashangilia, wafuasi wa ukurasa wa akademia wanatuma mioyo. Mtoto atasema nini? Alisema sawa, akacheka, na usiku ule alilala ameushika msuko wake.

Kila Jumamosi akademia ile ilitoa mtihani wa majaribio. Kila Jumapili asubuhi sura za watoto zilipandishwa kwenye ukurasa wao, kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho. Watatu wa juu walivishwa taji la kuchora. Wa chini walipakwa rangi ya kijivu, kama marehemu. Nayda alikuwa wa tatu karibu kila wiki, na kwa sababu hiyo akawa sura ya akademia: Nayda anaamka kabla ya jua, Nayda anakariri mifupa ya mkono, Nayda anakula huku anasoma. Wiki aliyoshuka mpaka nafasi ya saba hakula chochote, na alipoulizwa na mama yake alisema ana gesi. Mama yake, Zenobia Poma, muuza supu ya matumbo sokoni, alikubali kwamba ni gesi. Alimchemshia majani ya muña, dawa ya tumbo. Alikuwa na haraka ya kwenda kuwaonyesha wateja wake video ya mifupa ya mkono.

Basi jioni ile majina yalikuwa yanatoka kwenye tovuti ya Chuo Kikuu, na tovuti ilikuwa imekwama, kwa kuwa jimbo zima lilikuwa limeingia kwa pamoja. Profesa Wálter alikuwa anarusha sherehe mubashara kwa simu yake.

"Mama Zenobia, sogea hapa, jamaa wakuone," alisema, akamshika bega. "Wasalimie! Mama wa Nayda huyu, mashujaa wangu! Mama, unaturuhusu tumtumie Nayda kwenye matangazo yetu ya mwaka mzima?"

"Mtumieni tu, profesa," Zenobia alisema kwa sauti ya kumwitia mteja aliye mbali. "Ni binti yenu pia!"

Watu walipiga makofi. Alijisikia mrefu. Mwanamke ambaye hata benki hukaa kwenye kiti cha mwisho, sasa alikuwa anasikilizwa na watu asiowaona.

Tovuti ikazidi kukwama. Profesa alichungulia simu yake, uso ukamshuka. Akanong'ona, "Watazamaji wanapungua, mama. Wanahamia kwa wale wa mtaa wa pili, wao wameshaanza kunyoa."

"Si tungoje majina?"

"Huyu ni wa tatu wetu. Wa tatu! Tunangoja nini?"

Ndipo kijana mmoja akapiga kelele kutoka kwenye ngazi: "Ameingia! Wameandika hapa, Nayda ameingia!"

"Wapi? Kwenye tovuti?"

"Kwenye maoni! Kuna mtu ameandika!"

"Nani kaandika?"

"Simjui, lakini kapata mioyo mingi!"

Ikatosha. Yai la kwanza likapasuka. Bendi ikalipuka. Nayda, ute unamchuruzika sikioni, alimshika mama yake kifundo cha mkono. "Mama, ngoja. Sijaona jina langu."

"Unaogopa nini, mwanangu? Nchi nzima inakutazama. Inama."

Na Nayda akainama. Zenobia akaukata msuko kwa mkasi wake wa jikoni, ule wa kukatia matumbo, na ilibidi aubane mara kadhaa kwa sababu ulikuwa mnene. Akaunyanyua juu. Mashine ikapita upande wote wa kushoto, mstari baada ya mstari, kutoka paji la uso mpaka kisogoni. Ilikuwa inaanza mstari mwingine pale mwalimu wa hesabu alipotoka ofisini na kompyuta mkononi, akasimama, akatikisa kichwa.

"Hajafikia," alisema. "Kakosa kidogo. Kakosa kidogo sana."

Bendi haikuwa imeambiwa, ikaendelea kupiga. Profesa Wálter hakuzima simu. Aliigeuza polepole kuelekea uso wa Nayda, kwa sababu sasa watazamaji walikuwa wanaongezeka.

Hiyo ndiyo uliyoiona.

Nusu kichwa kile kilikaa hivyo hivyo siku kadhaa, kwa maana Nayda hakutaka mtu amguse. Alivaa kofia ya sufu ya kufunika masikio, ndani, mchana, karibu na jiko. Siku aliyokubali, alimkubali baba yake tu. Abilio Camarena ni fundi mwashi, mtu wa maneno machache na vidole vilivyopasuka kwa saruji. Aliazima mashine kwa jirani, akatandika taulo mabegani mwa binti yake.

"Inama kidogo. Nisikukwangue."

"Usiniambie inama, baba."

"Basi kaa hivyo hivyo. Mimi nitazunguka."

Akazunguka. Mashine ilikuwa butu, ikawa inavuta.

"Baba, umeiona?"

"Nini?"

"Video."

"Simu yangu mimi ni ya kupigia tu, si unaijua."

Mafundi wenzake walikuwa wamemwonyesha siku ya pili yake, juu ya jukwaa la ujenzi, wakadhani atacheka nao. Alishuka akaenda kuchanganya mchanga ambao ulikuwa hauhitajiki. Sasa alipuliza vinyweleo kwenye shingo ya binti yake na kusema, "Tayari. Kichwa chako kizuri, hakina kona."

Zenobia alikuwa mlangoni na sahani ya viazi vya mchuzi wa jibini. Aliiweka chini. Nayda hakuitazama; alikuwa ameshashika simu.

"Nikusomee, mama?"

"Usisome hayo."

"'Kichwa kama kiazi kilichomenywa.' Huyu simjui. 'Ndiyo dawa ya kujiona.' Huyu ni Karol, aliyekuwa anakaa pembeni yangu. Nilimfundisha logaritimu. 'Akili zenyewe zilikuwa kwenye nywele.' Hii hata mimi nilicheka."

"Nayda, nakuomba."

"'Msichana hana kosa, mjinga ni mama yake.' Hii ndiyo imependwa kuliko zote."

Zenobia alitazama ile sahani. Jibini lilikuwa linaanza kuganda juu.

"Nisiposoma mimi, mama, hayapo?" Nayda aliuliza, bila ukali, kama anauliza bei. "Unajua nilikosa kwa kiasi gani? Hakuna hata mmoja anayeuliza. Ningekosa nikiwa na nywele zangu, ningekuwa mtu aliyekosa kidogo. Basi. Ningerudi mtihani unaofuata."

"Nilidhani umeingia."

"Nilikwambia ngoja."

Zenobia akaichukua sahani, akairudisha jikoni, akala yeye mwenyewe viazi vile akiwa amesimama, vikiwa baridi, kama anajilisha adhabu.

Sokoni mambo hayakuwa bora. Supu ya matumbo na mahindi huliwa alfajiri, na walaji wake ni wachukuzi, madereva na walevi wanaoelekea nyumbani, watu wenye midomo.

"Mama, wewe si mama wa yule kipara?"

"Unakula au unahoji?"

"Nala. Ila weka nyama nione kwanza, halafu ndiyo nitoe hela. Siku hizi mimi nasubiri matokeo."

Benchi zima likacheka. Zenobia naye akacheka, kwa sababu asiyecheka na wateja hurudi na sufuria imejaa. Alicheka huku akipakua, na kila kicheko alikiona kama mkasi mwingine kwenye msuko ule ule.

Jirani yake wa kibanda, Casilda, muuza vitunguu, alikuwa amemsimamia Nayda ubatizo, kwa hiyo waliitana komadre. Casilda hajui kusema pole. Alichoweza ni kugombana.

"Komadre, huyo ungemmwagia mchuzi mapajani."

"Amelipa."

"Amelipia supu, hakulipia mwanetu. Na wewe unacheka naye! Unacheka nini?"

"Nilimkata mimi, Casilda. Aliniambia ngoja. Nilimsikia vizuri kabisa akisema ngoja. Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri atanitia aibu mbele ya watu."

Casilda aliendelea kuchambua vitunguu. "Basi kamwambie hivyo."

"Maneno hayatoshi."

"Yajaribu kwanza."

Hakuyajaribu. Hilo nalo ni tabia yetu. Tunaogopa neno dogo tunakimbilia tendo kubwa. Zenobia alivua aproni, akavuka njia ya wauza kuku mpaka kwa kinyozi wa pembeni ya soko, akaketi kwenye kiti. "Zote," alisema. "Kama kachimbo."

"Mama, umekunywa?"

"Nyoa."

Casilda alimfuata akipiga kelele: "Komadre, umerukwa na akili? Baridi hii!" Lakini sauti yake ndiyo iliyowaita watu, na watu walikuja kama tunavyokuja siku hizi, mkono umetangulia. Mbele ya kinyozi pakawa na ukuta wa simu. "Ni mama wa yule msichana!" "Anajinyoa kwa ajili ya mwanawe!" Mwanamke mmoja alilia kweli, machozi kweli, huku anarekodi, na alipofuta macho alihakikisha simu haitikisiki. Zenobia aliona mvi zake zikidondoka mapajani na kwa mara ya kwanza tangu ile Jumapili akahisi nafuu kifuani. Afadhali angeiogopa nafuu hiyo. Alikuwa tena anasikilizwa na watu asiowaona.

Alipofika nyumbani, kitambaa kichwani, Nayda alikuwa ameshaiona. Ilikuwa imefika kabla yake, imempita njiani.

"Umefanya nini, mama?"

Zenobia akafungua kitambaa. "Nimetaka tufanane."

Abilio aliweka kijiko chini.

"Tufanane," Nayda alirudia. "Mama, umeangalia? Wewe una mioyo mpaka haihesabiki. 'Mama mtakatifu.' 'Nimelia ofisini.' Wameweka na muziki wa filimbi. Mimi wameniwekea sauti ya punda." Sauti ilianza kumpanda. "Kipara changu kilikuwa aibu yangu, sawa, lakini kilikuwa changu. Sasa nacho umekichukua. Mimi nilichekwa, wewe umependwa!"

"Sikuwaita na simu zao, mwanangu."

"Ulijinyoa sokoni! Mashine si ipo hapa nyumbani? Si ungeingia chumbani kwangu?"

"Mheshimu mama yako," Abilio alisema, bila nguvu.

"Namheshimu, baba. Namuuliza tu. Kwa nini hakuja chumbani?"

Zenobia alifungua mdomo. Lile neno dogo lilikuwa pale pale, kwenye ncha ya ulimi, na angelisema wakati ule huenda tusingefika hapa. Akafunga kitambaa chake upya.

Nayda alimgeuzia simu. "Profesa Wálter ameiweka kwenye ukurasa wake. 'Familia ya Bisturí haiangushi mtu.' Mpaka wewe umekuwa tangazo lake."

Bango alilileta Abilio, yaani habari zake. Alikuwa anajenga ghorofa karibu na Chuo Kikuu, na kutoka juu aliliona likipandishwa kwenye ukuta wa mbele wa akademia, kubwa kama sebule, likitazamana na lango la ofisi ya usajili. Nyuso mbili za Nayda. Upande mmoja yule wa msuko, mwenye taji. Upande wa pili yule wa unga, nusu kichwa, mdomo wazi. Chini yake: ALIANGUKA. ATAINUKA NASI. MZUNGUKO MPYA WA MASOMO, KARIBUNI.

Alikaa na habari hiyo siku nzima. Wakati wa chakula ikamtoka.

Nayda alisikiliza mpaka mwisho. Akavua kofia yake ya sufu, akaiweka mezani, na wazazi wake wakaona nywele zimeanza kuota, fupi na nyeusi, kama ardhi iliyochomwa inapoanza majani.

"Nilikuwa naenda kujiandikisha," alisema. "Sikuwaambia. Mle ndani wanakupiga picha ya kitambulisho, kichwa wazi, kofia hairuhusiwi. Nimekuwa najizoeza mbele ya kioo. Leo nilimaliza dakika nyingi bila kuangalia pembeni." Alikuwa anaongea na ile kofia. "Foleni pale inakwenda nusu siku, inapita pale pale ukutani. Watoto wote wana simu. Wakinicheka mimi, naweza. Lakini kusimama chini ya sura yangu yenyewe, ile, nusu siku… siwezi, mama. Bango likishuka, nitakwenda. Lisiposhuka, msiniulize tena habari ya chuo."

"Litashuka," Zenobia alisema.

"Usiahidi mbele ya watu."

"Hapa hakuna watu. Upo wewe." Na hapo hatimaye, kwa kuchelewa sana, lile neno likatoka. "Uliniambia ngoja, na nilisikia. Nilikusikia, nikakuinamisha. Nisamehe."

Nayda hakusema amesamehe. Alisogeza sahani ya mama yake, iliyokuwa haijaguswa, karibu naye. "Kula, inapoa," alisema.

Profesa Wálter alimpokea vizuri. Watu wa namna ile hupokea vizuri. Alimkalisha kwenye kiti cha ngozi, akaagiza chai, akamwita malkia wa Chilca.

"Liondoe bango, profesa."

"Mama yangu, bango limemfanya shujaa. Unajua watoto wangapi wamejiandikisha kwangu kwa sababu yake?"

"Liondoe. Anashindwa kupita."

"Akija kwangu nitamsomesha bure, mzunguko mzima. Bure! Tunarekodi safari yake, hatua kwa hatua. Mwisho wake ameingia, nchi inalia."

"Hataki kurekodiwa."

"Vijana leo hawataki, kesho wanataka." Alitabasamu, akachukua simu yake. "Na ruhusa ulitoa mwenyewe."

Akaicheza. Kelele za uwanja, bendi inajaribu midomo ya tarumbeta, halafu sauti ya mwanamke, changamfu, ya soko, yenye furaha isiyo na haya: *Mtumieni tu, profesa. Ni binti yenu pia!* Kisha kicheko, na makofi.

Zenobia alijisikiliza. Profesa akairudia, labda ili asikie vizuri zaidi. Kitu kilichomuuma kuliko maneno ni kile kicheko kilichofuata, kicheko chake, ambacho alikuwa amekisahau. Kilikuwa kizuri. Kilikuwa cha mama anayempenda mwanawe.

"Nilisema," alisema. "Nilisema mimi. Sasa nalirudisha neno langu."

"Neno halirudi, mama, limeshaonwa na watu wengi mno." Profesa alisimama, kumwonyesha kuwa chai imekwisha. "Nikuambie ukweli kama ndugu. Hapo nje kuna wazazi wananibembeleza niweke watoto wao ukutani. Siku wakija wazazi hapa kwa pamoja, wakaniambia ondoa, mimi ni mfanyabiashara, nitaondoa hata leo. Lakini mama mmoja si malalamiko. Mama mmoja ni hasira tu, na hasira hupoa."

Nje, wazazi walikuwa wanasubiri watoto wao chini ya bango. Zenobia aliwaendea mmoja mmoja. Hakupiga kelele. Alisema, njoo nami tuingie, tuseme neno moja.

"Pole sana, mama," alisema mwanamke wa koti la kijani. "Lakini wangu amepanda mpaka wa tano wiki hii. Nikijitokeza, unadhani watampandisha tena?"

"Wa kwangu ni wa kijivu," alisema mzee mmoja kwa sauti ya chini. "Ametoka kwenye kijivu mara moja tu. Naona haya hata kuonekana hapa."

"Basi ndiyo tuingie, mzee!"

"Nina gari linanisubiri."

Msichana mmoja, dada wa mwanafunzi, alimkumbatia. "Nimekufuata kwenye mtandao, mama. Nitaisambaza hii, nakuahidi." Na akanyanyua simu.

Zenobia aliufunika uso wake mwenyewe kwa kiganja, kwa mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze. Akaketi kwenye ukingo wa barabara, kichwa wazi kwenye baridi, mgongo kwenye ukuta wa akademia.

Abilio alimkuta pale alipotoka kazini. Alikuwa amebeba ngazi ya mafundi begani, ile ndefu.

"Sogea nilishushe," alisema.

"Ukilishusha peke yako atakuita mwizi. Atakurekodi ukiwa juu, na kesho utakuwa baba wa kipara aliyekamatwa na polisi. Atatundika jingine."

"Sasa?"

"Sasa tunangoja watu."

Akaiegemeza ngazi ukutani, akaketi karibu na mkewe. Mlinzi aliwatazama, akawaacha; naye ana mtoto darasani. Kulipoanza kuwa giza akaja Casilda, mikono inanuka vitunguu, shali mbili mabegani. Moja alimtupia komadre wake kichwani kama anamtupia mbwa. "Utakufa na baridi, halafu utasema nimekuloga." Akaketi. Wakawa watatu.

Nimekueleza yote. Hadithi imeishia hapo, kwa kuwa haijaendelea. Watatu hao wako pale pale leo, Jumatano, na Nayda yuko chumbani anajizoeza mbele ya kioo. Usajili ni Ijumaa. Wewe una mtoto kwenye kurasa zile, au una wa dada yako, au wa jirani. Ana taji wiki hii, utasema. Muulize alikula nini Jumapili. Ana kijivu, utasema, ni aibu. Muulize analala saa ngapi. Usimuulize kwa ujumbe, fungua mlango wake.

Na ukishamuuliza, usiniandikie kwamba umeumia. Usimtumie Zenobia moyo, anao wa kutosha, haujamshikia ngazi hata mmoja. Profesa mwenyewe ametaja bei yake: wazazi waje pamoja. Watatu wapo. Iache simu juu ya meza, vaa koti, toka. Ngazi ile ni ndefu, barabara ya pale ina mteremko, na Abilio hawezi kupanda mpaka pawe na watu wa kuishika chini.

Njoo ushike.